Mngoni Mwenye Adabu

Katika hospitali nzima ya Kilima cha Ukungu, yenye madaktari waliosoma mpaka nywele zikawahama, mtu wa pekee aliyeajiriwa na serikali kwa kipaji cha kutukana nilikuwa mimi, Tasiana Ngonyani. Nilishindanishwa na mashine mbili na mchekeshaji mmoja wa runinga, nikawashinda wote. Tuseme hivyo. Mashine ya kwanza iliungua, ya pili ilimtania mgonjwa juu ya mama yake ambaye kumbe alikuwa amefariki, na mchekeshaji alipoteremka akakutana na baridi ya Njombe akapanda gari lile lile lililomleta. Nikabaki mimi na darasa langu la saba, nimekaa kwenye benchi natafuna hindi la kuchoma. Hivyo ndivyo nilivyoshinda.

Kwenye kitambulisho waliniandika Mhudumu wa Utani, Daraja la Chini. Sikuuliza la juu ni la nani.

Wodi yetu ilikuwa ya wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Mabwawa. Si wote. Waliletwa kwetu wale ambao wenzao waliwakuta wakitaka kujiua, au waliosikika wakisema kwamba watajiua, wakalazwa hapo mpaka hatari ipite. Kila godoro lilikuwa na masikio. Lilisikiliza moyo, pumzi na jinsi mtu anavyojigeuza, likapeleka habari kwenye taa ndogo juu ya mlango wa chumba. Taa ikiwa nyekundu, mtu haachwi peke yake hata akienda kunawa uso. Ikiwa ya manjano, anaachiwa kidogo. Ikikaa kijani wiki nzima bila kupepesa, anarudi kwao.

Lakini godoro, pamoja na masikio yake yote, lilikuwa halijui kuchekesha. Ndipo wakubwa wakakumbuka utani. Mgonjwa akiwa Mhehe anatafutiwa Mngoni, kwa sababu babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba wajukuu watukanane badala yake, na atakayekasirika ndiye mjinga. Mhehe mimi namwita mla mbwa. Yeye ananiita mla panya. Tunanyang'anyana vitu, tunasingiziana uchawi, na siku ya msiba mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi. Ndiyo kazi. Mshahara wake sitautaja, maana mtacheka kabla sijaanza.

*

Asubuhi ya jambo lenyewe ukungu ulikuwa mzito, gari la wafanyakazi likachelewa, nami nikaingia wodini chai imekwisha kunywewa. Nikaenda moja kwa moja kwa Koplo Aidano Kikoti, Mhehe wa Mufindi, kijana mrefu mwenye mabega kama mlango. Alipoletwa kwetu taa yake ilikuwa nyekundu kiasi kwamba ungeweza kuota moto pale. Sasa ilikuwa kijani tangu Jumamosi. Wauguzi walipopita mlangoni pake walikuwa wanatabasamu, kama wanaopita jikoni kunakonukia vizuri.

"Hodi kwa mla mbwa," nikasema.

"Karibu, bibi."

"Bibi yako nani? Nimekuja kukagua kama mbwa wa mlinzi bado yupo."

"Yupo. Nimemwona asubuhi hii," akasema kwa upole. "Mzima kabisa."

Mhehe aliyejaa afya angeniambia mbwa amekonda kwa njaa, kwa kuwa mimi nimemaliza panya wote. Lakini nikasema, huyu bado anapona, tumpe muda. Nikatupa jicho ukutani. Koti lake la jeshi lilikuwa limening'inia hapo, zito, lenye manyoya ndani, koti la kulala nalo porini mvua ikinyesha.

"Hilo koti ni la kwetu," nikasema. "Mlimvua babu yangu siku ile mliyokimbia."

Hapa nieleze. Mtani akidai kitu hupewi hivi hivi. Mwenye kitu hukikumbatia, husema njoo ukichukue kama una mkono, mnavutana, mnaitana majina, watu wanajaa mlangoni kutazama, na mwisho labda unaondoka na kifungo kimoja. Nilikuwa nimeshajiandaa, nimeshakunja mikono ya gauni.

Aidano akainuka, akalitoa koti ukutani, akalikunja vizuri, akanipa kwa mikono miwili.

"Chukua, bibi. Litakufaa kwa baridi hii."

Nikalichukua. Kusema kweli nilifurahi. Nikalivaa papo hapo, likanifika chini ya magoti, na kichwani mwangu tayari nilikuwa natunga jinsi nitakavyowasimulia wauguzi kwamba nimemvua askari koti kwa mkono mmoja. Nikakaa kitandani kwake, nikamimina chai iliyobaki kwenye birika, na ndipo redio ya ukutani ikakwaruza.

"Aidano, ndugu yangu," redio ikasema. "Ni mimi Kastori. Umeamkaje?"

"Salama, sajini. Na wewe miguu?"

"Inaendelea vizuri. Jana nimesimama kidogo."

Aidano akanigeukia. "Ni Sajini Kastori Mbano, bibi. Tulikuwa naye bwawani. Ni Mngoni mwenzako. Yuko hospitali ya Pwani, hunipigia kila siku baada ya chai."

Mkono wangu ulikuwa unapeleka kikombe mdomoni. Uliishia njiani. Kwa sababu mimi Kastori Mbano namjua. Nilimjua anatambaa. Mama yake na mimi tunachota maji bomba moja. Na mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, nilisimama nyuma ya kanisa la kijijini kwetu, nikatupa udongo wangu kwenye kaburi lake, nikala na maharage ya msiba wake, yaliyokuwa na chumvi nyingi.

"Nasikia una mgeni," redio ikasema. Sauti ilikuwa yake. Si kama yake. Yake, na ule mkwaruzo wa mtu aliyevuta sigara tangu shule ya msingi. "Shikamoo, mama."

Nikatazama mlango. Lakini nimelelewa. Nilipigwa sana utotoni kwa kutoitikia salamu, na mdomo haukunisubiri.

"Marahaba," nikasema.

Mungu anisamehe. Nilimwitikia marehemu marahaba, nikiwa nimevaa koti la watu, na chai imenimwagikia mapajani bila mimi kuusikia moto wake. Aidano alichukua kitambaa akaniwekea magotini. Alinitazama usoni kwa muda kidogo. Halafu akarudi kuongea na redio, habari za mvua na mpira, sauti yake imetulia kama maji ya mtungini.

*

Daktari Mwanaidi Shekilindi ni mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kucheka kwa shida. Nilimkuta ofisini anamenya chungwa.

"Shikamoo, bibi Tasiana."

"Leo shikamoo zimekuwa nyingi," nikasema. "Nyingine zinatoka ardhini."

Nikamwambia nilichosikia na nilichozika. Hakubisha. Aliweka chungwa chini, akainuka akafunga mlango, na alipokaa tena alionekana kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo kichwani muda mrefu na sasa ameruhusiwa kuitua.

"Unaitwa Mwangwi," akasema. "Kofia za vita zilikuwa zinanasa kila neno. Amri, vicheko, mtu akilalamikia ugali. Miaka mitatu ya maneno ya Kastori imo humo. Mtambo unayasikiliza yote, unajifunza anavyopumua kabla ya kusema, anavyokatisha, halafu unaongea mwenyewe. Unajibu. Hausomi popote, bibi. Unajibu kama yeye."

"Na nani alisema umjibu huyu mtoto?"

"Aidano alipofika hapa alikuwa na swali moja tu. Kastori yuko wapi. Na wenzake waliomleta walikuwa wameshamwambia kwamba alizinduka alipobebwa na yuko hai, kwa kumwogopea. Mimi uongo niliukuta umeshakaa kitini." Akatazama chungwa lake. "Nikaunywesha chai, basi. Alikuwa hali chakula, halali usiku. Siku ya kwanza sauti ilipopiga, alikula. Ningefanyaje?"

Nilikuwa na hasira iliyokosa pa kukaa.

"Anaruhusiwa lini?"

"Kesho."

"Na huko Mufindi nani atapiga?"

"Mwangwi utaendelea. Tutaupunguza polepole. Mwakani Kastori atapelekwa kutibiwa nje, atakuwa anapiga mara chache. Baadaye chache zaidi."

"Halafu?"

"Halafu tutaona."

"Daktari, mwanangu," nikasema, "mmemfufua mtu bila kupanga mtamzika lini. Mama yake mzazi anafagia kaburi kila Jumamosi. Siku Aidano akifunga safari kwenda kumsalimia rafiki yake kwao, atakaribishwa kwenye msalaba."

Alifumba macho. "Najua. Lakini ukimwambia leo na akafa kesho, bibi, utakuwa umesema kweli na umeua. Chagua wewe. Mimi nilishachagua, na silali."

Basi nikachagua. Nilichagua kunyamaza. Mimi, Tasiana, kunyamaza. Kijijini kwetu wangepigiana simu.

*

Kesho yake asubuhi nilimkuta Aidano amefunga begi. Kitanda kimetandikwa kijeshi, shuka limenyooka kiasi cha kuchezea bao juu yake. Taa mlangoni ilikuwa kijani kama jani la chai. Nje, gari la kumpeleka kwao lilikuwa limeshafika, dereva anafuta kioo.

Redio ikakwaruza. Nikajibanza mlangoni kusikiliza, nikiwa ndani ya lile koti, maana nilikuwa sijalivua hata kwa kulala. Nilijiambia leo sitashtuka.

"Aidano, ndugu yangu, leo unarudi nyumbani," Kastori akasema. "Nakutakia safari njema. Msalimie mama. Nakuheshimu sana, ndugu yangu."

"Asante, sajini. Nawe jitunze."

Sikushtuka. Kilichonipata kilikuwa kingine, kama mtu anayeingia nyumbani kwake akaona kiti kimehamishwa na hajui ni kipi. Nikatembea nacho koridoni hadi ofisini kwa daktari, na nilipofungua mlango ndipo kilipopata jina.

"Daktari, marehemu wako ana adabu," nikasema.

"Samahani?"

"Mngoni anaongea na Mhehe. Anamwita ndugu yangu. Anamwambia nakuheshimu sana. Mimi nimeishi miaka yangu yote, sijawahi kumsikia Mngoni akimwambia Mhehe nakuheshimu, labda awe anamkopa. Kastori huyu nilimsikia akimtukana Mhehe wa dukani mpaka mteja akasahau alichokuja kununua. Huyo wa redioni amepatwa na nini?"

Daktari akasema polepole, "Chujio."

"Chujio gani?"

"Mwangwi hauruhusiwi kuingia wodi hii bila chujio. Matusi, dharau, kejeli, vyote vinatolewa kabla sauti haijafika kwa mgonjwa. Ni sharti. Huwezi kumtukana mtu aliyetaka kujiua." Akasita. "Nilipousikiliza mara ya kwanza nilishangaa mazungumzo yao bwawani yalivyobaki mafupi baada ya kuchujwa. Karibu yote yalitoka. Nikadhani walikuwa hawapatani."

"Walipatana sana," nikasema. "Ndiyo yaliyotoka hayo."

Nikageuka kutazama koridoni, kule alikokuwa Aidano. Kwa sababu kama mimi niliyesikia mara mbili nimeona, je, yeye aliyetukanwa na Kastori kila siku ya vita? Mtu anayepigiwa simu na mtani wake, akaitwa ndugu yangu, hahitaji kwenda kuangalia kaburi.

"Alijua," nikasema. "Amejua tangu siku ya kwanza. Sasa alikuwa anamdanganya nani?"

Daktari alikuwa ananitazama mimi, lakini si usoni.

"Hilo koti," akasema. "Umelitoa wapi?"

"Nimemnyang'anya Mhehe."

"Alikataa kidogo?"

"Hakukataa. Alilikunja akanipa kwa mikono mi..."

Sikumaliza, maana uso wa daktari ulikuwa umebadilika rangi. Akashika ukingo wa meza.

"Jana alimpa muuguzi saa yake," akasema. "Akasema haimtoshi tena mkononi. Juzi amempa wa chumba cha pili viatu. Niliandika kwamba amekuwa mkarimu. Nimeandika kwa mkono wangu, bibi, amekuwa mkarimu." Sauti yake ilikuwa inashuka. "Mtu akishakata shauri anatulia. Ugomvi unakwisha ndani, anagawa vitu vyake, analala vizuri. Moyo unapiga taratibu. Nilifundishwa. Nimewafundisha wengine. Na godoro haliwezi kumtofautisha aliyepona na aliyeamua, linasikia utulivu tu."

Nilitazama mikono yangu ikitoka kwenye ile mikono mirefu ya koti. Nililala nalo. Nilisimulia kila mtu. Koti lilikuwa ni kwaheri, nami niliondoka nalo nikicheka.

"Mzuie," nikasema. "Dereva yuko nje."

"Siwezi. Taa ikishakaa kijani wiki nzima, sheria inasema ni mtu huru. Waliweka hivyo ili tusiwafungie askari bila sababu, na niliisaini mimi mwenyewe kwa furaha. Namzuia tu kama taa ikibadilika, au mwenyewe akikiri anachokusudia." Akageukia mtambo mdogo uliokuwa mezani kwake, kidole kikaenda kwenye kitufe. "Naweza kuondoa chujio. Kastori amwite anavyomwita. Amwamuru abaki. Ni sajini wake."

"Acha."

"Kwa nini? Kama inamwokoa?"

"Kwa sababu anajua amekufa, daktari. Mara ya kwanza mmemletea maiti mwenye adabu, akanyamaza kwa heshima yenu. Sasa mnamletea maiti anayetukana. Ataona hata tusi la rafiki yake mmelichukua mkatengenezea dawa. Atabakiwa na nini?"

Kidole kilibaki juu ya kitufe. Nilimwona akitaka, na mimi mwenyewe, nisiwadanganye, nusu yangu ilitaka. Injini ya gari ikawaka nje.

Daktari akaondoa mkono.

"Basi wewe," akasema. "Wewe huna chujio."

*

Tulimkuta barazani, begi miguuni, amevaa shati la mikono mifupi. Ukungu ulikuwa unapita kati yetu na gari. Vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama, lakini hakutetemeka.

"Naona bibi umekuja kuniaga," akasema.

"Nimekuja kuhakikisha hukuiba vijiko. Unaenda kufanya nini huko kwenu, mla mbwa?"

"Kupumzika. Mama anaanza vinyungu, nimsaidie."

Vinyungu ni mashamba yao ya bondeni, ya kiangazi. Unaingia alfajiri kwenye matope wakati majani bado yana barafu. Nikaketi kwenye benchi kando yake. Daktari alisimama nyuma yetu, hakujificha. Moyo wangu ulikuwa unapiga vibaya, na nilishukuru benchi halina masikio.

"Kastori kaniambia jambo," nikasema.

"Kastori?"

"Nimeongea naye. Sisi ni watu wa kijiji kimoja, hukujua? Kaniambia kule bwawani ulimkimbia. Risasi ya kwanza tu, Mhehe huyo, mbio kama siku za babu zake. Kasema kakuita, kakuita, unamwonyesha visigino."

Huo ni utani wa kawaida kabisa, na ni uchafu, na nilikuwa nautupa kwa mtoto wa watu kama jiwe. Aliinamisha kichwa.

"Kastori hawezi kusema hivyo."

"Kwa nini hawezi? Mdomo si anao? Miguu ndiyo mibovu."

"Hawezi, bibi."

"Kasema ulikimbia mpaka ukaangusha kofia. Kasema angekuwa na mbwa karibu angekuita kwa..."

"Sikumkimbia." Hakupaza sauti. "Ile zamu ilikuwa yangu. Mimi ndiye nilikuwa niende kwenye lango la maji, nilikuwa na homa, akaenda yeye. Nilimfuata mimi. Nilimlaza hapa," akagusa paja lake, "na sikumwachia. Alinitukana muda wote. Kasema hata kufa anafia kwa mtu anayenuka mbwa. Kasema nikimlilia atanirudia usiku anitafune vidole kama panya. Nilimshika mpaka alipo..."

Neno lilikuwa limeshatoka nusu, na hakuna mtu pale barazani ambaye hakuijua nusu ya pili. Hata dereva alitoa kichwa dirishani.

Daktari Mwanaidi akazunguka benchi, akachuchumaa mbele yake. "Ulijua," akasema.

"Siku ya kwanza, daktari. Nilitaka kuamini kwamba alizinduka, mpaka aliponiita ndugu yangu."

"Mbona hukusema?"

Aidano alimtazama kwa huruma, kama daktari ndiye mgonjwa. "Ulikuwa umesimama pale mlangoni unafurahi sana. Nikaona nisikuharibie."

Sijawahi kumwona daktari akipigwa kofi, lakini nadhani anakuwa vile. Alibaki amechuchumaa, mdomo wazi, na mkono wake ukatafuta sakafu. Miezi yote ile tulidhani tunambeba kijana. Kumbe kila baada ya chai alikuwa anatubeba yeye, na akimaliza anarudi kitandani kuhesabu vya kugawa.

Lakini dereva alikuwa bado ameshika usukani, na taa kule ndani, nilijua, bado kijani. Kujua kwamba rafiki yako amekufa si sababu ya kumzuia mtu kwenda kwao.

"Haya," nikasema. "Hilo la Kastori ulitudanganya kwa adabu, tumekusamehe. Na hili la nyumbani?"

"Hili ni kweli, bibi. Naenda kumsaidia mama."

"Vinyungu."

"Vinyungu."

"Mufindi, mwezi wa saba, bondeni, alfajiri. Na shati hilo."

Alitazama mikono yake mitupu kama ndiyo kwanza anaiona. Halafu akatazama koti lake lilivyonikalia mimi, mabega yameshuka, kola imenifika masikioni.

"Nina lingine," akasema haraka. "Nyumbani."

"Mhehe mwenye makoti mawili," nikasema. "Makubwa. La rangi gani?"

Akafungua mdomo.

Mtu huyu alilidanganya godoro lenye masikio. Aliwadanganya wauguzi, na daktari, na mtambo uliomeza maneno ya miaka mitatu. Moyo wake aliuamuru utulie, ukatulia. Lakini hakuna mahali kichwani mwake alipokuwa amening'iniza lile koti la pili, kwa sababu huko alikokuwa anakwenda hakukuwa na baridi, na nilimwona akilitafuta, nyekundu, kijivu, nyeusi, midomo ikianza herufi na kuiacha.

"La rangi gani, mjukuu wangu?"

"Halipo," akasema. "Bibi, halipo."

Daktari aliinua mkono, na dereva akazima gari.

Aidano alikuwa ameukamata mkono wa koti, kwa nguvu, kama anayetaka kuuvua, nami nikiwa ndani yake. Sikumwachia. Nilimwambia avute kama ana mkono.